Mteremko wa Ancaster

Gari letu lina rangi ya ndimu iliyokosa jua.
Badi alilinunua kwa mjane wa Paris,
si ile ya mnara, hii yetu,
dakika kumi kutoka Brantford, penye mto na mahindi.
"Halinywi mafuta," mjane alisema, "linayanusa tu."
Badi akalala na neno hilo
kama mtu aliyepewa hirizi.

Tangu hapo daftari likahamia juu ya dashibodi,
penseli imefungwa kwa kamba ya kiatu:
lita, kilomita, bei, upepo.
Ndiyo, upepo.
Ukivuma wa magharibi unatusukuma bure hadi Hamilton,
ukivuma wa mashariki ananitazama mimi
kana kwamba nimeuita.

Kwanza aliteremsha tairi la akiba.
Kisha jeki. Kisha mfuko wa mchanga
ambao majirani huubeba wasikwame kwenye theluji.
Kisha mwavuli wangu.
"Mwavuli, Badi?"
"Haba na haba," akasema, wala hakumalizia,
maana methali nayo ina uzito.

Breki kwake ni dhambi ya mchana kweupe.
Akiiona taa nyekundu kwa mbali
huondoa mguu, tunatambaa, tunatambaa,
mwenye lori nyuma anatulaani kwa honi,
na Badi ananong'ona, "Geuka, mwanangu, geuka,"
kwa sauti ambayo sijaisikia
tangu Salha alipokuwa akiota meno.

Lakini mteremko wa Ancaster!
Pale barabara inapolikata jabali,
gari linashusha pumzi, sindano inalala,
bonde linafunguka na moshi wa viwanda vya chuma kwa mbali,
na mume wangu anaimba puani
kama mtu aliyeokota pochi.

Jioni jabali linadai chake.
Tunapanda, injini inalia,
anazima kipasha joto, anazima redio,
angeweza angeniomba nishuke nisukume.
"Asubuhi tulikopa," namwambia.
Hanijibu. Maneno nayo huenda yanakula petroli.

Februari ile lita ilifika dola moja na senti sitini na mbili.
"Alhamisi itashuka senti nne," alisema,
"nimeipigia hesabu."
Jumatano, saa kumi na mbili jioni, katikati ya mlima,
gari likanusa, likanusa,
likakosa cha kunusa.

Baridi ishirini chini ya sifuri.
Lori la kuvuta lingefika baada ya saa moja na nusu,
dola mia moja na arobaini.
Badi akaiandika daftarini
kwa mkono wa mtu anayeandika wosia.

Nikatoa chupa ya chai ya tangawizi
niliyoificha chini ya kiti tangu Oktoba,
kilo nzima, hakuijua.
Tukanywa kwa kifuniko kimoja.
Vioo vikaganda kwa pumzi zetu,
magari tukayasikia tu
yakipita kama shuka zinazochanwa.

Ndipo akaanza. Msimamizi wake mpya.
Goti la kushoto.
Kisha barua kutoka Pemba, kwamba shamba la baba linauzwa,
nduguze wanangoja sahihi yake.
Aliikalia mwezi mzima.
Mwezi mzima, nami ubavuni pake
kilomita themanini kila siku,
nikidhani ananyamaza kwa ajili ya mafuta!

Sikumgombeza. Nikammiminia tena,
nikamuuliza kuhusu mikarafuu, mingapi, nani aliipanda,
na alipokuwa bado anaihesabu kwa vidole
taa za lori zikatufikia.

Alhamisi bei ikapanda senti mbili.
Akajaza tangi mpaka likatapika,
akaingia gereji, akatoka na mwavuli,
akaulaza kiti cha nyuma bila kuniangalia.

Tairi la akiba bado liko gereji.